Siku Niliyokaa Juu ya Kiraka Changu

Mama mukwe wangu ameniona matako. Naanza na hiyo, maana hata nikiificha mutaisikia kwa wengine, Nyangwe hatuna siri. Ilikuwa saa tano ya asubuhi, jua kali, nimesimama juu ya mashua ya Leta, yaani serikali, pale bandarini, kwa mbele kaputula yangu iko nzima na vifungo vyake vyote, kwa nyuma hakuna kitu, upepo wa Lualaba unapita fasi ambayo haukuwa umepita tangu nilipokuwa mutoto wa kunyonya, na kwenye ukingo wamejaa watu wote ninaowajua duniani: wazee wa musikiti na makanzu yao, watoto wa shule ya misioni waliokuwa wanaimba (wakaacha kuimba), akina mama na vitunga vyao vya samaki, na katikati ya wale akina mama, mbele kabisa, Mama Nyota, aliyemzaa bibi yangu, mwanamuke ambaye kwa heshima ya kwetu nilikuwa hata maji sinywi mbele yake, na tukikutana njiani mimi ndiye ninayeingia majanini ili apite. Niligeuza shingo nikamtazama usoni. Yeye hakuwa anautazama uso wangu.

Sasa turudi nyuma (samahani, neno hilo kwangu bado lina uchungu).

Mimi ni Amisi, fundi wa mitumbwi, kama baba yangu alivyokuwa. Shule nilisoma miaka miwili tu, na haya munayosoma nimeyaandika polepole kwa mukono wangu, binti yangu Zaina ananitengenezea maneno penye ubaya. Mambo yenyewe ni ya wakati wa Wabelgiji, ile miaka ya mwisho mwisho, ila sisi hatukujua kama ni ya mwisho, tungalijua labda tungalilima pamba kwa moyo mwepesi zaidi. Maana pamba ndiyo iliyonifikisha pale. Wakati ule kila mwanaume alikuwa na shamba lake la pamba la lazima, monitere, musimamizi wa pamba, anapita na kamba yake ya kupima, akikuta majani yamezidi ni fimbo, akikuta hukulima kabisa ni buloko, gereza, na mimi na pamba tulikuwa hatupatani, mugongo wangu uliumbwa kwa kuinamia mutumbwi, haukuumbwa kwa kuinamia mistari. Kulikuwa na njia moja tu ya kutoka: fundi aliyeandikwa katika kitabu cha Leta anapewa karatasi, na mwenye karatasi ile monitere anampita kama anavyopita muti. Karatasi ile niliiota usingizini.

Basi Bwana Aministrateri, mukubwa wa Leta wa Kasongo, akaletewa mashua kutoka Ulaya. (Jina lake la kizungu tuliache. Sisi tulimwita Bwana Kiti, na sasa hivi mutajua kwa nini.) Ilifika Nyangwe juu ya kamio, gari la mizigo, nyeupe kama yai, na wazee wakaigonga kwa vidole wakabaki wanatazamana, maana haikuwa ya muti, haikuwa ya chuma, ilikuwa ya nyuzi za kioo, nyembamba kama nywele za mutu mweupe, zimefumwa kama kitambaa halafu zikamwagiwa ulimbo wa Kizungu mpaka zikawa ngumu. Wafundi wa Nyangwe tulicheka wiki nzima, mutu anasafirije ndani ya kikombe? Mashua ile ilikuwa na sitaha kwa mbele, yaani sakafu ya juu ya kukanyaga, na juu ya sitaha Bwana akaamuru pafungwe kiti cha chuma kwa misumari minne ya kusokota, ili avuke mto amekaa kama kwenye baraza lake. Alikuwa mutu munene. Siku moja katikati ya mto mawimbi yakampiga ubavuni, kiti kikang'oka na Bwana juu yake, misumari minne ikaacha matundu manne, na yeye alipojaribu kusimama mguu wake ukatoboa tundu la tano, kubwa kama sahani ya wali. Walimvuta na kamba. Ndiyo sababu ya jina.

Akaniita. Ufa mudogo wa kwanza, wa kabla ya siku ile, alikuwa ameuziba yeye mwenyewe, mimi nikimushikia kopo, nikaona namna anavyochanganya kopo kubwa lenye kitu kizito kama asali na kachupa kadogo ka dawa ya kukazisha, kisha anapaka juu ya kitambaa cha nyuzi. Sasa hakutaka tena kuchafua mikono. Akanipa sanduku jipya la dawa zile, halijafunguliwa, na ndani yake bahasha ya njano iliyofungwa kwa muhuri mwekundu.

"Weye iko fundi," akasema. "Juma mbili, mukubwa yangu ya Kindu nakuja na Madamu. Mashua iko muzuri, miye naandika weye fundi ya Leta. Pamba basi."

"Na ikiwa mubaya, Bwana?"

"Pamba," akasema, na vidole vyake viwili vikaonyesha, mashamba mawili.

Nilipanda baiskeli ya shemeji yangu Sefu mpaka Kasongo, jua zima, mchanga mpaka magotini, kwenda biro, yaani ofisini, kwa Karani Bonifasi anisomee ile karatasi ya ndani ya bahasha. Namtaja jina, simuogopi. Bonifasi mutu wa upande wa Wamaza, alisoma kwa mapadri, alikuwa anavaa soksi hata siku za joto, na ndiye peke yake aliyekuwa ananijua na kujua Kifaransa pia. Nikaweka bahasha juu ya meza yake. Hakuigusa. Alinitazama mikono.

"Amisi wa Nyangwe! Unatoka kwenye mto mukubwa namna ile, unakuja kwangu mikono mitupu?"

"Nimekuja na baiskeli, Karani. Njia mubaya."

"Kumbe samaki wa kwenu wanakataa baiskeli?"

"Nisomee tu, ndugu yangu. Ni karatasi moja."

"Hiki ni Kifaransa kizito," akasema, na bado hajafungua, ameona maneno ya juu ya bahasha tu! "Kifaransa kizito hakisomwi na njaa. Niletee kambale mumoja, munene, wa kukauka. Nitakusomea mpaka nukta ya mwisho."

Kambale mumoja. Nyumbani nilikuwa nao saba juu ya moshi. Lakini nilikuwa kijana, na fundi, na kiburi cha fundi ni kibaya kuliko cha sultani, nikajisemea moyoni, baba yangu aliziba mitumbwi miaka arobaini bila kusomewa hata herufi moja, mimi nikanunue maneno kwa samaki? Nikaichukua bahasha yangu, nikaitia kifuani, nikapanda baiskeli. Nilipofika nyumbani nikaitupa ndani ya kibweta cha baba, chini ya patasi zake. Huo ndio uamuzi mudogo. Mengine yote yalikuja yakitembea kwa miguu yake.

Kazi niliianza vizuri, mutu asinitukane kwa hilo. Nilikwangua kingo za matundu mpaka yakawa laini, nikakata kitambaa, nikamwaga ule ulimbo wa Kizungu ndani ya kibuyu, nikatia dawa ya kukazisha, nikaona kidogo, nikaongeza, nikakoroga. Kibuyu kikaanza kuwa na joto. Moto haupo! Hakuna kuni, hakuna kaa, na kitu kinafuka moshi mikononi mwangu, kinanuka kuuma pua, nikakitupa chini nikasoma Kulhuwallah mara tatu, na niliporudi kukitazama mwiko umesimama katikati wima, umeshikwa, na kibuyu kimepasuka (mwiko huo ulikuwa wa bibi yangu, na mpaka leo hajanisamehe).

Sasa sikilizeni, maana hapa wafundi wa mto watanielewa na wengine watanicheka. Kwetu, ulimbo wa muti unapochemka kwa kiraka cha mutumbwi, ukizidi ukali unautuliza na mawese, mafuta yetu mekundu. Kijiko kimoja cha mawese, ulimbo unapoa hasira, na kiraka hakipasuki kwenye jua. Baba alinifundisha hivyo, na babu alimfundisha yeye. Mimi nikaona kitu kinachemka kwa ukali, ningefanya nini tena? Nikachanganya kibuyu cha pili, nikatia mawese. Kijiko kimoja. Halafu (nasema kweli yote) kijiko cha pili, kwa heshima ya Leta.

Kikatulia. Kikatulia kabisa, kikawa kizuri, kinateleza, nikapaka matundu yote matano, tabaka juu ya tabaka. Rangi tu ndiyo ilikataa, ilikuwa nyekundu kama mchuzi. Nikangoja siku moja, siku mbili, siku ya tatu juu pakafanya ngozi, ila ukibonyeza kwa kidole kunanata kidogo. Nikasema itakauka. Siku ya sita bado nikasema itakauka. Siku ya wageni nikatwanga pemba, ule udongo mweupe, nikanyunyizia juu, nikafuta kwa kitambaa, mashua ikawa nyeupe tena kama yai, hutambui palipotoboka. Sefu akaja, akatazama, akapiga mluzi.

"Shemeji," akasema, "leo umeiaga pamba."

Na mimi mupumbavu nilikuwa nimevaa kaputula mupya ya kaki, niliyoshonewa kwa siku ile ya karatasi.

Kuna desturi yetu ya Nyangwe. Mutumbwi ukizibwa, mwenyewe haupokei mpaka fundi akae juu ya kiraka chake, avuke mto na kurudi, kisha wazee wanamgusa matako mbele ya watu, yakiwa makavu kazi imepokewa. Hakuna fundi anayekataa. Ukikataa umejishitaki. Lakini mimi nilikuwa nimeshapanga kimya kimya kutokaa, nilijua kunanata, na kile kiraka kilikuwa cha sitaha, hakigusi maji, desturi haikuwa na kazi pale. Ningalipona. Aliyeiamusha ni nani? Karani Bonifasi, aliyekuja nyuma ya wageni na soksi zake. Alimuinamia Bwana Kiti akamweleza kwa Kifaransa, akinionyesha mimi, akijionyesha matako yeye mwenyewe, na Bwana akacheka, akamweleza mukubwa wa Kindu, mukubwa akacheka, akamweleza Madamu, Madamu akapiga makofi.

"Fundi!" Karani akaita kwa sauti ya kusikika ng'ambo. "Wageni wanataka kuona desturi. Kaa juu ya kiraka chako!"

"Karani," nikamwambia chini chini, "desturi ni ya mitumbwi."

"Kumbe fundi anaogopa kazi yake?"

Wazee wa ukingoni wakaanza kuguna. Nikapanda. Nikatafuta kwa macho tundu dogo, lakini Bwana Kiti alikuwa ananionyesha lile kubwa kwa fimbo yake, nikakaa, taratibu, kama mutu anayekalia mayai. Wageni wakaingia nyuma kwenye mabenchi, Sefu akashika usukani, watoto wakaimba, tukaondoka.

Kwenda, palikuwa pazuri tu, nawaambia. Nilipepea mukono. Kwa kurudi, katikati ya mto, jua likapanda, na nikasikia chini yangu kitu kinapata uvuguvugu na kulegea, ile ngozi ya juu ikapasuka taratibu, nikazama kidogo, kama unavyokaa juu ya bonge la ugali. Nikajaribu kusogea upande. Kaputula haikusogea. Nikajaribu upande wa pili. Nikaacha kupepea mukono.

"Shemeji," Sefu akaniuliza kutoka nyuma, "mbona unatoka jasho, na upepo huu?"

"Endesha," nikamwambia.

"Unaumwa?"

"Sefu, endesha, usifike haraka."

Akafika haraka. Mashua ile kushuka kwake ni kwa mbele, yaani wageni wote wapite juu ya sitaha, na juu ya sitaha niko mimi. Bwana Kiti akasema nisimame. Nikatabasamu. Akasema tena. Wazee wawili walikuwa wameshaingia majini mpaka magotini, mikono tayari, waniguse kama desturi inavyotaka. Mukubwa wa Kindu amesimama nyuma yangu na kofia yake, Madamu ameshika mwavuli, watoto wanarudia ubeti mara ya nne.

"Simama, Amisi!" mzee mumoja akanong'ona. "Unatuaibisha!"

"Nimeshikwa."

"Na nani?"

"Na kazi."

Sefu akaja mbio, akanipitisha mikono kwapani, akasema bismillahi, akavuta. Nikasikia sauti ya kupasuka, ndefu, kama mutu anapasua kaniki dukani, nikaruka juu nikasimama wima, mwepesi ajabu, na hapo ndipo upepo niliowaambia ulipopita. Kitako chote cha kaputula kilibaki pale chini, kimenyooka vizuri, mifuko miwili ya nyuma inatazama juu.

Watoto wakaacha kuimba. Nikageuza shingo, nikamuona Mama Nyota. Alishusha kitunga chake polepole, akafunika macho kwa kitenge, akafunua tena (nilimuona!), akafunika.

Na bado haijaisha. Bwana Kiti kwa hasira akapiga hatua kunisukuma, kiatu chake kikatua juu ya kile kitako cha kaki, kiraka kikasema pwaa, na mguu wake ukaingia ndani ya tundu lake lile lile la zamani mpaka pajani. Akakaa pale anatukana kwa Kifaransa, Madamu analia au anacheka, sikujua, na watu sita wakamvuta kwa kamba, na alipotoka kaki yangu ilikuwa chini ya kiatu chake, haikubanduka. Alipanda nayo gari. Mimi nilivuka bandari nimejifunika kwa kitunga cha samaki.

Jioni ile nikaitwa Kasongo. Nilisimama katika biro nimeshona kipande cha gunia nyuma, Bwana akasema Kifaransa, Karani akajibu Kifaransa kirefu, anatikisa kichwa kwa huruma, ananionyesha kwa kalamu. Mimi sikuelewa. Nilisema tu "ndiyo, Bwana", maana Karani alinikonyeza niseme ndiyo. Mbele yangu Bwana akatoa karatasi ya fundi, jina langu limeshaandikwa, nililitambua, Amisi, herufi tano, akaipasua mara mbili. Mashamba mawili ya pamba. Nililima mpaka Wabelgiji walipoondoka, na mugongo wangu haujanyooka tena, munaniona ninavyotembea.

Baadaye mupishi wa Bwana ndiye aliyenieleza Karani alivyosema siku ile: "Mimi nilimsomea karatasi mara tatu, Bwana, neno kwa neno, huyu mutu ni mukaidi." Mara tatu! Na mimi nimesema ndiyo.

Mama Nyota nilimpelekea kuku mweupe wa kuondoa aibu, kama ilivyo kwetu. Alimpokea, akampika, na tangu siku hiyo anakula nami sahani moja, anasema hakuna tena cha kufichana.

Miaka ikapita. Mwaka huu Zaina, ambaye amesoma Kifaransa mpaka basi, alikuwa anatafuta patasi ndani ya kibweta cha babu yake, akatoka na bahasha ya njano. Alitaka kuichana. Nikamshika mukono. Niliona muhuri mwekundu, muzima, haujavunjika hata pembe, na damu ikanipanda kichwani. Nikaita mashahidi kwanza: mwalimu wa chuo, kapita anayesimamia bandari, Sefu, na Mama Nyota, ambaye alisema, "Mimi nimeshaona yote ya huyu mukwe, bahasha haitanitisha." Kila mumoja akaushika ule muhuri, akakubali kwamba hakuna aliyeufungua tangu Ulaya. Ndipo Zaina akafungua, akasoma.

"Baba, mustari wa pili."

"Unasema nini?"

"Unasema, usichanganye kamwe na mafuta ya aina yoyote."

Wote wanne wakanitazama. Sawa. Mawese ni yangu, vijiko vyote viwili, nakubali mbele ya Mungu na mbele yenu, na pemba pia ni yangu, na kiburi. Tangu siku ile sikalii kitu nilichotengeneza kabla sijakigusa kwa kiganja, na kitu chenye maandishi sikitumii mpaka kisomwe. Mimi nimeshajibu langu.

Sasa wewe Karani Bonifasi. Uko hai, unakaa Kasongo nyuma ya soko, bado unavaa soksi, na kila tukikutana unaniuliza mbele ya watu, "Fundi, matako yamekauka?" Yamekauka. Mimi nina swali moja tu, na nataka uje ulijibu Nyangwe, kwenye ukingo ule ule, mbele ya Sefu na Mama Nyota, macho yake bado mazima: karatasi ile uliyonisomea mara tatu, uliisomaje ndani ya bahasha ambayo haijafunguliwa? Usilete Kifaransa. Kambale wako nimeshamkausha, munene, yuko juu ya moshi anakungoja. Safari hii utajibu kwanza, kisha utakula.